Ma Kokushubira na Bahari ya Wodi ya Nne

Kamati ya Mali za Hospitali, baada ya kikao kilichoanza asubuhi na kumaliza birika mbili za chai, inawatangazia kwa heshima wafanyakazi wote, wagonjwa, wauguzaji na majirani wema kwamba lile tangi la vioo lililokaa stoo miaka yote hii limeondolewa rasmi na kukabidhiwa mradi wa kuku wa wauguzi. Vifaranga wamekwisha kuingia na wanaonekana kuridhika. Katika zoezi hilo hakuna aliyeumia, isipokuwa mtunza stoo Telesfori, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, aliyebanwa kidole gumba na ambaye mpaka leo hakuna aliyempa pole.

Habari ya pili haikuhitaji kikao. Ilibandikwa ubaoni karibu na kantini, chini ya tangazo la baiskeli inayouzwa, nayo inasema kwamba Jumanne tarehe 30 Juni 1998 Ma Anatolia Kokushubira anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa karibu miaka ishirini, ile ya mwanzo akiwa mhudumu wa wodi na iliyobaki akiwa dobi. Wahariri wa jarida walitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Mhasibu aliomba udhuru, Mchungaji alikuwa safarini Kayanga, basi kazi ikamwangukia mtu ambaye sentensi yake bora kabisa ni “sabuni ya kufulia, katoni tatu”. Mtanivumilia.

Ma alifika hapa Novemba 1978, vita vikiwa vimeshaingia mkoani kwetu. Hakuja kuomba kazi. Alitoka upande wa Nkwenda akisaidiana na wanaume kubeba machela ya miti, na juu ya machela alilala jirani yake aliyeumia vibaya katika kukimbia. Korido ilikuwa imejaa watu waliolala chini, na baadhi yao hawakuwa wamelala. Jirani alifariki kabla daktari hajamfikia. Ma alimfunika kwa kitenge chake mwenyewe, akasimama, akauliza ndoo iko wapi. Tulidhani anataka kunawa. Akaanza kupiga deki kutoka mlango wa mapokezi, akapita katikati ya waliokuwa hai na wasiokuwa, na alipofika mwisho wa korido akarudi mwanzo. Hakuna aliyemwajiri siku ile, na hakuna aliyemwambia aende nyumbani. Barua ya ajira ilimfuata baadaye sana, kama muumini anayeingia kanisani wakati wa matangazo.

Sheria zake tunazijua sote. Sakafu ikiwa imelowa hapiti mtu. Aliwahi kumsimamisha Mganga Mkuu mlangoni, na koti lake jeupe na kipimo chake shingoni, akamwambia, “Baba, subiri kidogo. Itakauka, na wewe utakuwa bado daktari.” Mganga Mkuu akasubiri. Mimi nilipojaribu kunyata kandokando ya ukuta na katoni ya dripu kichwani, hakusema neno. Aliniangalia tu, nami nikarudi kinyumenyume, vizuri sana kwa mtu asiyeona anakokanyaga.

Mfukoni mwa aproni yake hamkukosekana kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na maganda yake na kukaushwa. Mtu akifiwa, Ma hakuanza na maneno. Alimfungua kiganja, akamtilia punje chache, akamfunga vidole. Alisema zinampa mtu kitu cha kufanya na meno. Katika miaka ninayotaka kuisimulia, punje hizo ziliisha upesi kuliko dawa yoyote iliyokuwa stoo kwangu.

Vijana walioajiriwa juzi wanaijua Wodi ya Nne kama mahali pa wajawazito, penye mapazia ya maua. Haikuwa hivyo. Tangu katikati ya miaka ya themanini ilikuwa wodi ya ule ugonjwa ambao leo jina lake tunaliandika mabangoni. Wakati ule watu walisema “Juliana”, wakitaja yale mashati ya kung’aa yaliyokuwa yakivushwa mpakani Murongo, kana kwamba ugonjwa unashonwa na kuuzwa. Wagonjwa waliletwa wakiwa wepesi. Wengine waliletwa na ndugu waliosema wanakwenda kununua mkate, na tukaja kuwazika sisi. Fundi wetu Cassian alikuwa na oda za aina mbili tu kwa mwaka mzima: vitanda na majeneza, na vitanda vilikuwa vinasubiri.

Wauguzi walipangiwa wodi hiyo kwa zamu, kwa sababu hakuna aliyeweza kuikaa mfululizo. Ma Kokushubira aliomba aachwe humo moja kwa moja. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kama ninauliza kwa nini mvua inalowesha. “Mwanangu Telesfori, hawa wameshazoea kuona watu wakiondoka. Acha waone mmoja anayerudi kesho yake na ndoo ileile.” Hilo ndilo alilokuwa akilitaka hapa hospitalini. Hakuwahi kuomba nyongeza wala likizo wala nyumba yenye umeme. Aliomba Wodi ya Nne. Naomba msomaji alishike jambo hilo.

Mwaka 1989 ndipo bahari ilipokuja. Daktari wetu wa wakati huo alikuwa Mdenmark mmoja mrefu, mpole, mwenye masikio yaliyoungua jua, tuliyemwita Dokta Ejnari. Kwao alifuga samaki wa baharini, na si samaki tu, bali na matumbawe yenyewe, yale mawe yenye uhai yanayofungua vidole vyao majini. Akaona wagonjwa wa Wodi ya Nne wanakesha wakitazama ukuta, na ukuta wetu, kama mnavyojua, umepakwa rangi ya maji ya maharage. Akasema watu hawa wanahitaji kitu cha kutazama. Kuna waliodhani atanunua kalenda.

Alikwenda pwani na Landrova, akarudi na mapipa ya plastiki yenye mawe, samaki na kaa mmoja mwenye hasira. Cassian akachonga meza ya kuwekea tangi, kwa mbao ambazo, kusema ukweli, zilikuwa zimekatwa kwa kazi yake nyingine. Pampu ya hewa ilitumia betri ya gari iliyochajiwa na jua. Chumvi ilikuja kwenye magunia kutoka Ulaya, tukaichanganya na maji ya mvua yaliyokingwa paani, na daktari akatumbukiza kipimo cha chumvi, cha kioo, kinachoelea mpaka kikasimama anapotaka. Halafu ikaja baridi yetu ya Juni na samaki wakaanza kulala ubavu. Ma akawasha kandili na kuliweka chini ya meza usiku kucha, na asubuhi samaki walikuwa wima. Daktari alimkumbatia mbele ya wodi nzima. Tangu siku hiyo kuwalisha samaki ikawa kazi ya Ma, na ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kufunua kile kifuniko cha mbao.

Mimi nilipewa kuosha mchanga wa chini. Niliuosha kama wanaume wengi tunavyoosha vyombo, yaani niliulowesha. Tulipoumwaga, tangi zima likawa kama tope la barabara ya Murongo. Daktari alisema kwa utaratibu wa ajabu kwamba hilo ni vumbi tu, litatulia, na Telesfori asiguse kitu kingine. Lilitulia. Siku maji yalipong’aa, mzee mmoja aliyekuwa hajasema neno tangu aletwe aliinua kichwa na kuuliza kama wale samaki wa rangi ya machungwa wana mwenyewe.

Sitaki kutia chumvi, ilikuwamo ya kutosha. Lakini wodi ile ilibadilika. Watu waliwapa samaki majina ya wakubwa wa serikali. Walibishana kaa atatoka upande gani wa jiwe. Aliyeweza kukaa alimweleza asiyeweza kugeuka. Walikufa kama walivyokuwa wakifa, hilo halikupungua hata kidogo, ila sasa walikufa wakiwa wamelalia ubavu wa upande wa tangi.

Machi 1990 aliletwa kijana Evaristi, mchuuzi wa Murongo, mtoto wa familia ya asili ya Rwanda iliyokuwa ikilima Rugu. Alikuwa na maneno mengi bado, ingawa sauti ilikuwa imeshakwisha. Alipoona kitanda kilichobaki ni kile kinachogusana na tangi, alimwambia Ma, “Mimi sijui kuogelea, unajua.” Ma akamjibu, “Lala chali, utaelea.” Wakawa marafiki kuanzia hapo.

Siku chache baadaye akafika mama yake, Mama Kantengwa. Alikuja kwa miguu kutoka Rugu, na hakuja peke yake. Alikuja na ng’ombe. Alikuwa ng’ombe wa rangi nyekundu iliyoiva, pembe ndefu, jina lake Bihogo, akamfunga kwenye migomba nyuma ya hospitali, kwa mtu aliyekuwa na undugu naye wa mbali. Mlinzi wetu Mbonimpa aliiona ile pembe juu ya ua na kupiga filimbi.

“Mama, hapa ni hospitali!”

“Najua. Ndiyo maana nimeleta dawa.”

“Dawa gani yenye mkia?”

“Mwanangu hajazoea maziwa ya mtu mwingine,” alisema Mama Kantengwa, na Mbonimpa, ambaye kwao ni Burundi na anajua ng’ombe ni nini, akaweka filimbi mfukoni. Kuanzia hapo, kila asubuhi na kila jioni, tulimwona mama huyo akipita getini na kibuyu chake cha maziwa kilichofukizwa moshi, wima, kichwa juu, kama mtu anayepeleka zawadi ya harusi. Alikaa kwenye kigoda kando ya mwanawe. Alisubiri kikombe kiishe. Kikombe kiliisha kila mara, akakisuuza na kuondoka akiwa amenyooka zaidi ya alivyokuja. Mwenye kunywa namna hiyo, aliwaambia wauguzi, anarudi Rugu.

Karibu na Pasaka maji ya tangi yakachafuka. Safari hii haikuwa vumbi. Yalikuwa meupe, mazito, kama ukungu unaopanda kutoka bondeni, na juu yake povu lenye harufu. Matumbawe yakafunga vidole. Samaki wakapanda juu na kutweta midomo wazi. Wodi nayo ikanyamaza. Yule mzee wa samaki wa machungwa akageukia ukuta na hakugeuka tena.

Dokta Ejnari alitueleza vizuri, na alikuwa sahihi. Alisema chakula kimezidi majini. Kikizidi kinaoza, na wadudu wasioonekana kwa macho wanakila, wanazaliana mpaka maji yanakuwa meupe kwa wingi wao, na wanamaliza hewa yote, samaki wanakosa pumzi. Akaamuru samaki wasilishwe kwa siku kadhaa. Tukanyonya uchafu wa chini kwa mpira, na nasema tukanyonya kwa maana yake kamili, kwa kuwa mnyonyaji nilikuwa mimi. Nadhani mimi ndiye Mnyambo pekee aliyekunywa bahari bila kufika pwani. Tukatoa sehemu ya maji na kutia mengine mapya yenye chumvi. Tukasafisha sponji ya kuchujia maji, tukaongeza hewa. Maji yakaanza kurudi.

Halafu yakachafuka tena.

Daktari hakuwa mtu wa kupayuka, lakini sasa samaki watatu walikuwa wamekufa na masikio yake yalikuwa mekundu kuliko kawaida. Anayefunua kifuniko ni mmoja, alisema. Matroni akamwita Ma ofisini mlango ukiwa wazi, sote tuliokuwa kwenye foleni ya mishahara tukasikia. Alimwambia kwamba wale samaki wameletwa kwa ajili ya wagonjwa wake mwenyewe, kwamba kama hawezi kuwalisha kwa kipimo aseme, na kwamba maji yakichafuka mara nyingine atatolewa Wodi ya Nne na kupelekwa dobi kufua shuka. Ma alitoka bila kujitetea. Alinipita bila hata kunitania, na hapo ndipo nilipojua kwamba jambo ni zito. Alikwenda akasimama mbele ya tangi, mkono mmoja ukiwa umeshika ukingo wa kitanda cha Evaristi, akatazama yale maji muda mrefu.

Mara ya tatu hapakuwa na kilichobaki cha kuokoa. Asubuhi tulikuta tangi jeupe kabisa, kama dirisha lililopakwa chokaa. Daktari alitia mkono ndani, akawatoa samaki mmojammoja na kuwapanga juu ya taulo. Kaa alikuwa wa mwisho. Kisha kukawa na mkutano wa wafanyakazi kantini. Matroni aliuliza mbele ya wote kama kuna anayejua kilichotiwa majini. Ma Kokushubira akasimama, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, “Ni mimi. Niliwapa maziwa. Niliona wamekonda.”

Kicheko kilichopasuka kantini siku ile nadhani bado kimo kwenye bati. Watu walikuwa hawajacheka kwa miezi. Daktari peke yake hakucheka. Alisema tu polepole, “Maziwa,” akatoka nje. Kesho yake Ma alihamia dobi. Tangu hapo ameitwa Mama Samaki, na hakuna harusi wala mahafali ya wauguzi ambapo mtu hakusimama na kuuliza kama samaki wa leo wameshanyonya. Ma alicheka pamoja nasi kila mara. Tangi likaja stoo kwangu. Dokta Ejnari alirudi kwao mwezi uliofuata.

Huo ndio wasifu niliokuwa nimeuandika, na ulikuwa unaishia hapo, pamoja na utani mmoja kuhusu ndama wa baharini ambao niliuonea fahari. Mwezi uliopita nikaupeleka dobi kumsomea mwenyewe, kwa maana si vizuri mtu kusikia ya kwake kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni rasmi. Nilimkuta anaanika shuka. Mama Kantengwa alikuwapo, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kibuyu miguuni. Huyo si mgeni pale. Tangu alipomzika mwanawe amekuwa akimletea Ma maziwa kila anapopata gari kutoka Rugu, na sote tulichukulia kwamba ni shukrani ya mfiwa.

Nikasoma. Nilipofika kwenye maziwa nikatua kidogo, kama afanyavyo msomaji anayesubiri watu wacheke.

“Futa hapo,” alisema Mama Kantengwa.

“Mama, ni utani wa zamani tu, hata mwenyewe…”

“Futa. Samaki hawakupewa maziwa na huyu. Walipewa na mwanangu.”

Ma alikuwa ameinua shuka. Aliiacha hewani, maji yakimtiririka viwikoni. “Ulijua?” aliuliza.

“Anatolia, mimi ndiye niliyemzaa.”

Wote wawili wameniruhusu niandike yanayofuata. Mama Kantengwa aliniagiza nisiyapambe, kwa hiyo nayaweka kama yalivyokuwa.

Evaristi hakuwa akinywa. Koo lake lilikuwa limejaa ule utando mweupe ambao wahudumu wa miaka ile wanaukumbuka, na kumeza hata mate kulimtoa machozi. Lakini mama yake alikuwa ametembea na ng’ombe kutoka Rugu. Kumrudishia kikombe kimejaa hakuweza. Kukimwaga hakuweza pia, kwa sababu katika watu wao, na wengi wetu hapa tunalijua hilo, maziwa hayamwagwi chini. Ni kumtukana ng’ombe na aliyekamua, na ng’ombe mwenyewe atakauka. Wenzake wa vitanda vya jirani walikuwa na makoo kama lake. Pembeni yake kulikuwa na maji yenye viumbe hai. Basi mama akigeuka, aliinua kifuniko kwa vidole viwili, akamimina taratibu, akakirudisha. Ma alimwona siku maji yalipochafuka mara ya pili, alipoingia na ndoo. Kijana alimshika aproni na kumwambia kwa sauti ile iliyokwisha, “Ma, usimwambie mama. Mimi siyamwagi. Humo kuna wanywaji.”

Ma alimwambia maziwa yanawaua samaki. Evaristi akasema hakujua, akalia, akaahidi kuacha. Aliacha siku mbili tatu, akijilazimisha kumeza, na akatapika damu mama yake alipotoka. Siku ya nne alimtazama Ma, na Ma akatazama pembeni. Ndivyo alivyotuambia pale kwenye kamba za nguo: “Niligeuka. Nilikuwa nimeambiwa nitatolewa wodini, nilijua kabisa. Lakini nifanye nini? Nimwambie mama huyu kwamba kila tone alilolileta limo kwenye tangi? Alikuwa hana kingine. Nilisema, afadhali anione mimi mjinga kuliko aone kikombe kimejaa.”

“Na mimi nilikuwa nageuka,” alisema Mama Kantengwa.

Alieleza akitazama kibuyu. Wiki ya kwanza tu alimwona. Alikuwa amegeukia dirisha, na kioo cha dirisha kikaakisi kitanda chote pamoja na tangi: mkono, kikombe, weupe ukishuka majini kama moshi uliopinduliwa. Kuanzia siku hiyo, baada ya kumpa kikombe, alisimama makusudi na kujifanya anatazama njia, ili mwanawe apate nafasi. Evaristi alisema, “Mama, yameisha.” Naye akajibu, “Asante, mwanangu.” Asubuhi na jioni.

Nilimuuliza kwa nini hakuacha kuleta. Lilikuwa swali la mtunza stoo.

“Ningeacha, angejua kwamba nimeshamzika.”

Ma aliitundika ile shuka kambani. Kisha Mama Kantengwa akamgeukia Ma na kusema kwamba alisikia habari za mkutano siku ileile, kutoka kwa Mbonimpa getini, jinsi hospitali nzima ilivyocheka. Alitaka kwenda kwa daktari kusema kweli. Lakini Evaristi alikuwa bado hai, na kweli hiyo ingemfikia kitandani kabla ya jua kuzama. Akanyamaza ili mwanawe asijue kwamba anajua. Evaristi alifariki Jumapili ya wiki ile, kando ya tangi tupu, akiamini amemficha mama yake. Baada ya mazishi daktari alikuwa anafunga mizigo, Matroni hakutaka kusikia tena habari za samaki, na Ma alikuwa ameshaanza kuitikia jina la Mama Samaki kwa kicheko. Mama Kantengwa hakujua aanzie wapi. Akaleta maziwa.

“Nilidhani ni kwa ajili ya zile shuka,” alisema Ma.

Maana shuka za siku za mwisho za Evaristi alizifua yeye. Hakuruhusiwa tena kuingia wodini, lakini shuka zilimfikia, naye alizijua zipi ni zake, na alizirudisha zikiwa zimepigwa pasi, jambo ambalo hatukumfanyia mgonjwa yeyote.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Samaki walikufa, na lilikuwa jambo la kusikitisha. Daktari alikuwa sahihi kuhusu maji, na hakuwahi kujua mengine. Ma Kokushubira alitaka kitu kimoja katika hospitali hii, tukamnyang’anya, na hakuna aliyekumbuka kumrudishia hata sababu ya kumnyang’anya ilipokwisha kuoza. Wodi ya Nne ilipita miaka yake mibaya kuliko yote bila mtu wa kurudi kesho yake na ndoo ileile. Nimewaomba wakubwa waliandike hilo kwenye faili lake. Wameniambia wataliangalia.

Zawadi ya hospitali, kama desturi, ni kitenge, redio na hotuba. Kuna zawadi nyingine ambayo haipitii kwenye kamati. Imefungwa nyuma ya dobi tangu jana: mtamba wa rangi nyekundu iliyoiva, mjukuu wa Bihogo, aliyetembezwa kutoka Rugu na mwanamke mwenye miaka zaidi ya sabini. Mbonimpa aliziona pembe juu ya ua. Safari hii hakupiga filimbi, alifungua milango yote miwili ya geti.

Ma, ahsante kwa korido ya mwaka sabini na nane, kwa kahawa, kwa kandili chini ya meza, na kwa kusimama pale kantini. Nenda Nkwenda ukapumzike. Tunakuombea ng’ombe asikauke, koo lisiume, na kila kikombe utakachopewa ukirudishe kitupu kwa kukinywa mwenyewe.